Mkate Unaozama Kwenye Chai

Slesi ilizama Alhamisi, saa ya chai, mbele za watu.

Ezekiel, karani wa ofisi ya ardhi, kijana mrefu ambaye maneno yake yalikuwa mengi kuliko kazi yake, aliichovya kwenye chai ya maziwa kama alivyozoea kila asubuhi katika mgahawa wa Tusajigwe. Akaiinua. Kilichoinuka ni ganda tupu, limepinda kama ukucha. Mkate wenyewe ulikuwa umebaki chini ndani ya kikombe. Ezekiel akachukua kijiko akaanza kuuvua.

"Dada Tusa," akaita, "mimi niliagiza chai. Uji nimeagiza saa ngapi?"

Meza zote zikacheka. Mzee mmoja wa masijala akasema wa kwake nao umekatika, ila yeye ameunywa kimyakimya kwa sababu njaa haina heshima. Wakacheka tena.

Avelina alikuwa amesimama pale pale mlangoni na trei lake la mikate, kitambaa cheupe bado kimeifunika. Hakuna aliyemwona. Ama walimwona wakajifanya hawajamwona, jambo ambalo kwa Sumbawanga ndiyo adabu. Alilishusha trei kwenye kaunta, akakunja kitambaa mara mbili, akasubiri.

Tusajigwe hakucheka. Alikuwa mwanamke wa Mbeya, mnene, mwepesi wa mikono, aliyehamia Sumbawanga kumfuata mume mwalimu, akafungua mgahawa karibu na maofisi. Alikuwa na tabia ya kusema jambo zito huku akifuta meza, ili anayeambiwa asilazimike kumtazama usoni.

"Mama," alisema, akifuta, "wiki ya pili hii. Wateja wangu ni watu wa kuchovya. Mtu hali mkate mkavu kwenye baridi hii."

"Nimeona, Tusa."

"Kuna gari linaleta mikate kutoka Mbeya. Laini, imeshakatwa, iko kwenye nailoni. Wamenijia mara mbili nikawakatalia kwa ajili yako." Akageuza kitambaa upande mwingine. "Jumatatu lete. Ikizama tena, nitachukua ya kwao. Usije ukasema sikukwambia."

"Sitasema."

"Na si kwamba ni mibaya. Utamu upo. Tatizo haishikani."

Avelina alitembea kurudi nyumbani Izia kwa miguu, trei tupu chini ya kwapa. Alijua hesabu ya jambo hilo bila kuhesabu. Watu wengine walinunua mkate wake Krismasi, Pasaka, na siku ya kipaimara cha watoto. Mgahawa ulinunua kila siku. Mgahawa ukiondoka, tanuri litawashwa kwa sikukuu tu, na tanuri la udongo lisilowashwa linapasuka. Likishapasuka, mumewe Cleophas angeanza kusema kwamba pale pangefaa banda la nguruwe. Alikuwa ameshaanza kupatazama.

Tanuri hilo alilijenga mwenyewe. Usichana wake aliumalizia katika jiko la misheni Kaengesa, akikandia masista mikate. Huko ndiko alikojifunza kwamba udongo wa kichuguu haupasuki haraka, kwamba kuni za mti wa mlingoti zinatoa moto mkali usiokaa, na kwamba unga uliotiwa hamira katika uwanda huu wa juu unalala kama mgonjwa usipoufunika blanketi. Alipoolewa na Cleophas wakahamia Izia, kitu cha kwanza alichomwomba hakikuwa kitenge. Aliomba toroli la udongo wa kichuguu. Cleophas alileta matatu, na hadi leo husimulia hivyo kama mtu aliyetoa mahari mara mbili.

Na mikate ya Avelina haikuwa ya unga wa dukani. Ilikuwa ya ngano ya shamba lao wenyewe, nje kidogo ya Kaengesa, iliyosagwa kwenye mashine ile ile inayosaga mahindi ya watu. Mkate ulitoka wa rangi ya udongo mkavu, na ulinukia hadi barabarani. "Mwenye kutaka mweupe, maduka yapo," alizoea kusema. Miaka yote mkate huo ulichovywa kwenye chai na ukarudi mzima. Mwaka huu umeanza kuzama, na Avelina alikuwa amebadilisha hamira, amebadilisha kuni, hata amebadilisha maji, akaacha ya bomba akachota ya kisima. Ulizama tu.

Alipofika nyumbani alimpigia simu Victor, mtoto wa kaka yake, aliyekuwa Tunduma akiendesha duka la vifaa vya waoka mikate: hamira, mikebe, karatasi za keki, rangi za keki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Mkate unazama kwenye chai."

Victor akauliza jambo ambalo Avelina hakulitegemea. "Ngano ni ile ile?"

"Ni ya shambani. Ila mjomba wako alibadilisha mbegu."

"Basi fanya hivi. Kanda kidonge cha unga na maji tu, usitie hamira. Kiache kidogo kipumzike. Halafu kioshe kwenye beseni kama unavyofua soksi, mpaka maji yasitoke meupe tena. Kitakachobaki mkononi, nipigie uniambie."

Avelina alifanya hivyo nje, karibu na karo. Maji yakawa kama maziwa. Kidonge kikapungua, kikapungua, hata akaogopa kwamba kitaisha chote na yeye atabaki anaosha vidole. Mwishoni palibaki kitu kidogo cha kijivu, kama haragwe lililotafunwa. Alikivuta. Kikavutika kidogo, kikakatika.

Alikitazama kwa muda. Kitu hicho alikuwa anakifahamu. Walipokuwa watoto, wakitumwa kuwinga ndege kwenye ngano, walikuwa wakijaza punje mdomoni na kutafuna bila kumeza, wanatema makapi, wanatafuna tena, hadi inabaki bigijii. Bigijii ya ngano. Walishindana nani ataivuta ndefu kuliko mwenzake kutoka menoni, na aliyeshindwa alipelekwa upande wa jua kufukuza ndege. Hakuna aliyejiuliza bigijii inafanya nini ndani ya ngano wakati haitafunwi.

"Ndiyo hiyo hiyo, shangazi," Victor alisema alipopigiwa na kuelezwa. "Hiyo ndiyo inayoshika mkate. Hamira inapuliza, ile bigijii inazuia pumzi isitoke. Ikiwa kidogo, mkate unakuwa makombo yaliyokaa pamoja kwa adabu tu. Ukitia majini, adabu inaisha."

"Na sasa?"

"Iko ya unga. Wanaitoa kwenye ngano nyingine, wanaikausha, wanaisaga. Sisi tunaiita unga wa mnato. Nitakutumia pakiti kwa basi."

"Ni dawa?"

"Ni ngano, shangazi. Ngano tupu."

Avelina aliuliza mara mbili zaidi kama si dawa, kila mara kwa maneno tofauti, kama mtu anayepima mzani kwa kuupindua. Alipokata simu, Cleophas alikuwa ameinama juu ya beseni.

"Nini hiki?"

"Mbegu yako."

Cleophas alikiangalia kile kijivu. Mwaka jana alikuwa amejisifu kwa majirani wote kwamba mbegu mpya imezaa magunia hadi ghala likakosa pa kukanyaga. "Magunia yalikuwa mengi," alisema.

"Yalikuwa mengi."

"Watu walikuja kuyaona."

"Walikuja. Sasa waambie waje waione na hii."

Cleophas akaenda kulisha kuku ambao walikuwa wameshakula.

Pakiti ilifika Jumamosi. Cleophas aliifuata stendi na baiskeli, akairudisha kifuani ndani ya koti kama kifaranga. Ulikuwa unga wa rangi ya kahawia hafifu, mwepesi, na ulinukia ngano kwa mbali, kama gunia lililokwisha kukung'utwa. Avelina aliuonja kwa ncha ya ulimi. Ukamganda kwenye fizi.

Yeye alikuwa mpishi wa tangu utoto, na mpishi wa Ufipa kitu cha kwanza anachofundishwa ni uji. Na katika uji, kitu cha kwanza ni hiki: unga mgeni humwagi mkavu. Unaukoroga kwanza pembeni, kwenye bakuli, kwa maji ya baridi, polepole, mpaka uwe laini kama maziwa. Ndipo unaupeleka kwa wenzake. Usipofanya hivyo utapata madonge, na madonge kwenye uji ni aibu ya msichana na ya mama yake. Avelina alikuwa amewafundisha binti zake wote hivyo, na mmoja aliwahi kupigwa mwiko kwa kukosea.

Kwa hiyo alichukua bakuli. Akamimina nusu ya pakiti. Akatia maji ya baridi, akaingiza mwiko, akakoroga.

Mwiko ulizunguka mara moja. Mara ya pili ulizungusha bakuli lenyewe. Mara ya tatu Avelina aliuinua, na kila kilichokuwamo kikainuka nao, kitu kimoja, chenye mikunjo, kinachotoa maji pembeni. Alikivuta, kikavutika mpaka urefu wa mkono. Alikiachia, kikarudi. Alijaribu kukipasua kwa kisu, kisu kikateleza. Alikitia maji zaidi ili kiyeyuke. Maji yalikaa juu yake na kukitazama.

Cleophas aliingia kutafuta chumvi.

"Hiyo ngozi umechuna mbuzi gani?"

Avelina akakisukuma kisu tena.

"Nauliza kwa sababu sikusikia mbuzi akilia."

"Baba Mary, nenda zako nje."

"Naenda. Ila kama una mpango wa kuiwamba, ngoma ya kwaya ya kigango imetoboka."

Avelina alimwambia maneno ya Kifipa ambayo hayapikwi wala hayaandikwi, na Cleophas akatoka bila chumvi.

Alijaribu bado. Alilikata lile bonge kwa mkasi wa kukatia vitambaa, vipande vidogo vidogo, akavitia kwenye unga wa ngano, akakanda hadi mabega yakamuuma. Vipande vilibaki vipande. Ukikanda ulivisikia vikikimbia chini ya kiganja, kama viumbe hai. Mwishowe alioka mkate mmoja wa majaribio kwa kiburi tu. Ulipopoa akaukata. Ndani kulikuwa na makombo yale yale ya siku zote, na katikati ya makombo, hapa na pale, kokoto za mpira.

"Shangazi," Victor alisema kwenye simu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeuweka mkono mdomoni, "ulikoroga uji."

"Nilikoroga kama unga unavyokorogwa."

"Huu unakwenda kinyume. Madonge yake yanatoka kwenye maji. Unauchanganya mkavu kwa mkavu, na unga wa ngano, unapekecha kwa vidole mpaka usijue upi ni upi. Maji yanakuja mwisho. Na yaongeze kidogo, unakunywa sana huo."

"Ungesema."

"Nilidhani unajua."

"Ningejulia wapi? Tuma mwingine."

"Leo gari limeondoka. Kesho Jumapili duka halifunguliwi. Nitatuma Jumatatu, utaupata Jumanne jioni."

Jumatatu ilikuwa ndiyo siku yenyewe. Avelina alikunja mdomo wa pakiti iliyobaki nusu, akaifunga kwa uzi, akaiweka juu kabatini nyuma ya sanamu ya Bikira Maria, mahali ambapo hata Cleophas hakuthubutu kupekua.

Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kigoda na kulifikiria jambo. Unga wa mnato uliobaki haukutosha trei zima. Angeweza kuutandaza kwenye mikate yote, kidogo kidogo kila mmoja. Trei lingejaa, na macho ya Tusajigwe yangeshiba. Ila mkate wenye nusu ya kinachohitajika huenda ukashika nusu ya slesi, na nusu ya slesi ikizama imezama yote. Au angeoka nusu trei, mikate michache yenye haki yake kamili, na aingie mgahawani na trei lenye upara mbele ya watu waliomcheka.

"Mimi ningejaza," Cleophas alisema kutoka kwenye mkeka. "Mtu akiona trei nusu anajua umeishiwa."

"Wewe ulijaza magunia."

Cleophas akageukia ukutani.

Alioka nusu. Alichekecha unga mara mbili kuondoa makapi makubwa, akamimina ule wa mnato mkavu juu yake, akapekecha kwa vidole kwa muda mrefu kuliko alivyoona inafaa, kisha akatia hamira, chumvi, sukari kidogo, na maji ya vuguvugu mwisho kabisa, kama anayevunja mwiko wa mama yake. Hakuna kilichoganda. Unga ulikunywa maji ukaomba mengine. Akaupa.

Lakini kukanda ndiko kulikomshangaza. Unga wake wa mwaka huu ulikuwa mnyonge: ukiusukuma unakwenda, ukiuacha unabaki pale pale kama mtoto aliyesusa. Huu ulisukumwa ukarudi. Alipoubonyeza kwa kidole shimo lilijifuta lenyewe. Aliukanda, ukambishia, akauacha upumzike, ukalegea, akaukanda tena. Kipande kimoja alikichukua na kukitandaza kati ya vidole vya mikono miwili, taratibu, kikawa chembamba, kikawa chembamba zaidi, hadi akaona mwanga wa mlango kupitia humo. Hakikutoboka. Akamwita Cleophas.

Cleophas alikuja, akabonyeza donge kwa kidole, akatoa kidole, akaangalia.

"Linarudi," alisema.

"Linarudi."

Akabonyeza tena, na tena, hadi akapigwa kofi la mkono.

Waliufunika kwa kitenge na blanketi kuukuu, karibu na mafiga yenye majivu ya moto, maana upepo wa Sumbawanga wa miezi hiyo hupenya hadi kwenye nia ya mtu. Ulipoumuka ulisukuma blanketi. Avelina alilifagia tanuri makaa, akatupa punje chache za unga sakafuni mwake kupima joto, zikageuka kahawia bila kuungua, akaingiza mikebe, akaziba mlango kwa bati na udongo mbichi. Mikate ilipotoka ilikuwa imevuka kingo za mikebe. Hakuukata hata mmoja. Alisema mkate unaokatwa ukiwa moto unadanganya.

Jumatatu aliingia mgahawani na trei lenye nafasi kubwa wazi. Tusajigwe alifunua kitambaa, akaangalia nafasi ile, akafunika tena. Kwenye kabati la vioo, rafu ya chini, palikuwa na mikate miwili ya nailoni kutoka Mbeya.

"Niliichukua ya tahadhari," alisema Tusajigwe, akianza kufuta kaunta iliyokuwa safi. "Si kwa ubaya."

"Si kwa ubaya," Avelina alikubali.

Tusajigwe akakata. Kisu kilipita na slesi ikaanguka upande ikiwa nzima, yenye matundu madogo ya kufanana. Akaziweka mbili kwenye sahani, akazipeleka kwa Ezekiel.

"Shikamoo mama mkate," Ezekiel alisema. Leo alikuwa amemwona.

"Marahaba."

"Nimekuja na kijiko changu kutoka nyumbani, kirefu." Akakionyesha kweli, akitoa mfukoni mwa shati. Meza zikacheka. "Na leo nimevaa shati la kuvulia."

Akachovya. Avelina alitazama kikombe. Alikuwa amejiambia hatatazama.

Slesi iliingia nusu. Simu ya Ezekiel ikalia, akaipokea kwa mkono mwingine. Bosi alikuwa anauliza faili la mtu fulani lipo wapi. Ezekiel akaeleza lipo kabati gani, halipo, basi lipo jingine, hapana bosi, la chini, huku mkono wa slesi umesahauliwa ndani ya chai. Mzee wa masijala akasogeza kiti ili aone vizuri. Mtu mmoja akasema taratibu, "Imekwisha hiyo." Chai ilikuwa inapanda ndani ya mkate, unaiona, kahawia ikipanda juu ya kahawia, hadi karibu na vidole.

Ezekiel akakata simu, akakumbuka, akainua.

Slesi ikaja yote. Nzito, imevimba, inadondoka chai, ikalegea kidogo ikaning'inia, lakini ikaja. Ezekiel aliitikisa. Akaitikisa tena kwa nguvu zaidi, chai ikamrukia mzee wa masijala kwenye miwani.

"We mtoto!"

"Samahani mzee. Nilikuwa naipima." Akaitia yote mdomoni. Alitafuna muda mrefu, watu wakingoja. "Huu sasa una ubishi," alisema hatimaye. "Ukiuuma nao unakuuma."

"Kula," Tusajigwe alisema, "faili linakusubiri."

Tusajigwe mwenyewe alirudi nyuma ya kaunta, akajimiminia chai kwenye kikombe chake cha bati, akachukua slesi, akachovya mara tatu mfululizo sehemu ile ile, kama anayeiadhibu. Akala. Alifungua kabati la vioo, akaitoa mikate ya Avelina kwenye trei mmoja mmoja, akaipanga rafu ya juu. Ile miwili ya Mbeya aliiacha pale chini ilipo.

"Kesho lete trei zima," alisema.

"Kesho siwezi. Kesho sitaleta kitu. Jumatano nitaleta nusu, zima ni Alhamisi."

"Kwa nini?"

"Kuna unga nautia ili ushikane. Unatoka Tunduma, pakiti nyingine zinafika kesho jioni, na usiku nitawahi kuoka nusu tu. Ule wa kwanza umeniishia. Na nusu yake niliikoroga uji."

Tusajigwe alisimamisha kitambaa. Alimtazama usoni kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi. Tumbo lake likaanza kutikisika kabla sauti haijatoka, kisha ikatoka, akashika kaunta.

"Uji, mama?"

"Uji."

"Ukawaje?"

"Baba Mary alitaka kuuwamba ngoma."

Alipomaliza kucheka alijifuta macho kwa kile kile kitambaa cha meza. "Basi kesho watakula ya Mbeya," alisema. "Na Jumatano ukileta nusu, nayo itakaa rafu ya juu. Ila mama, siku ikizama moja tu, nimekwambia."

"Umeniambia," Avelina alisema, akachukua trei tupu na kwenda nalo nyumbani.